Wa Mwisho Naye Alikuwa na Haki ya Kuwa Majini

Leo si mahubiri marefu. Kuna jambo nataka kukugombeza kidogo, na kabla sijakugombeza wewe nimeshajigombeza mwenyewe.

Twende kwanza London, Olimpiki ya mwaka 2012, kwenye ziwa la Dorney, mbio za kupiga makasia za mita 2,000. Kati ya wale wa mashua ya mtu mmoja alikuwepo Hamadou Djibo Issaka wa Niger, umri miaka 35. Niger haina hata bahari. Ndugu huyu alikuwa mwogeleaji, na mchezo wa makasia alikuwa ameuanza miezi mitatu tu hivi kabla. Alipewa nafasi ya mwaliko, zile zinazotengewa nchi ambazo mchezo bado haujashika mizizi, akapelekwa Misri na Tunisia kufundishwa harakaharaka.

Na usifikirie mashua ya wavuvi wetu wa Kisumu. Hii ni nyembamba kama mwiko, miguu imefungwa kwenye viatu vilivyomo ndani, kiti kinateleza mbele na nyuma, na ukiachilia makasia inaweza kukupindua.

Akamaliza kwa dakika 8 na sekunde 25. Wa mwisho, tena kwa mbali. Mahe Drysdale wa New Zealand, aliyechukua dhahabu katika fainali, alitumia chini ya dakika 7.

Mpendwa, tafakari hapa. Mpiga makasia huketi akipa kisogo kule anakokwenda. Anayeongoza anawaona wapinzani wake wote wakimfuata, na hilo linamtia nguvu. Wa mwisho haoni mtu. Mbele ya macho yake ni maji matupu aliyokwisha kuyapita, na wenzake wako nyuma ya mgongo wake, wameshamaliza. Hawezi kuwaona. Anaweza kusikia tu. Siku ile Hamadou alisikia watu wasiomjua wakimshangilia kwa sauti kubwa mpaka akavuka mstari. Na hakuishia hapo: alirudi majini siku nyingine, akijua vizuri hatashinda.

Si wote walifurahi. Wako waliomwita fisi maji, wengine wakamlinganisha na mnyama anayejulikana kwa uvivu. Steve Redgrave, Mwingereza mwenye dhahabu za Olimpiki 5 mfululizo, alisema kuna wapiga makasia bora kuliko yeye walioachwa nje. Siwezi kulidharau neno hilo. Mtu amefanya mazoezi miaka kumi alfajiri kwenye baridi, halafu nchi yake ina nafasi chache, anabaki nyumbani akitazama runinga. Inauma.

Lakini sikubaliani naye. Tukingoja mpaka Niger iwe na bingwa ndipo tuipe mlango, bingwa huyo atatoka wapi? Hamadou mwenyewe aliwaambia waandishi kwamba kwao kuna watu wengi wanaotaka kuanza mchezo huo, wanangoja tu mashua zifike.

Hata hapa kwetu ni vivyo hivyo. Tunawajua wakimbiaji wetu kwa majina ya utani. Ni wangapi kati yetu tulikesha kumtazama Asiya Mohammed Sururu, dada wa Mombasa aliyepoteza miguu yote miwili kwenye ajali ya treni akiwa mtoto mdogo, alipoiwakilisha Kenya kwa makasia kwenye Paralimpiki ya Tokyo? Mimi nilikuwa nimelala.

Sisi wahubiri tuna makosa hapa. Tukishika 1 Wakorintho 9, tunakimbilia tuzo. Tunahubiri mshindi, ushuhuda wa mshindi, gari la mshindi. Aliye nyuma tunamwombea, lakini hatumshangilii.

Sasa niseme lililonileta. Wiki iliyopita, kwenye kundi letu la WhatsApp, mama mmoja wa miaka 47 aliandika kwamba amejisajili kufanya KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi. Amenipa ruhusa niseme, bila jina. Mtu akajibu, "Mama, utakaa dawati moja na mjukuu?" Vikafuata vikaragosi vya kucheka, kumi na kitu. Kimoja kilikuwa changu. Nilibonyeza tu bila kufikiri, kama unavyobonyeza wewe. Saa moja baadaye mama alikuwa ametoka kwenye kundi.

Usiniambie ulikuwa utani. Yeye alikuwa kwenye mashua, hatuoni, anasikia tu. Na alichosikia ni sisi.

Hatapata A. Yeye mwenyewe anajua. Anataka kufika kwenye karatasi ya mwisho akiwa ameketi pale, na cheti chenye jina lake. Kama ulicheka, mtafute wewe mwenyewe. Usinitume mimi, na usiandike kwenye kundi tena.

Mimi nilimpigia jana jioni. Niliomba msamaha, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Pasta, wewe hesabu za vekta unazijua?" Sizijui. Nilisoma Chuo cha Biblia, huko hatukufundishwa vekta. Kwa hiyo natafuta mwalimu wa hesabu kati yenu, Jumamosi saa nane mchana, hapa kanisani. Chai ipo.