Ningu Apandapo Mto Kuja

Huko Ulaya samoni huacha bahari na kupanda mito ili kutaga mayai. Sisi tunaye ningu. Masika yanapofurisha Mto Kuja, ambao Wagusii huuita Gucha na ambao chimbuko lake ni vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, samaki huyu hutoka Ziwa Victoria na kuupanda mkondo.

Lakini usimtafute Ogembo. Maporomoko ya Gogo, kule Migori, ni kizuizi kikubwa kwake. Teremka chini ya hapo, na usiende peke yako. Mtafute mvuvi mwenyeji akuongoze, kwani furiko humchukua hata mwogeleaji hodari. Watoto wakae mbali na ukingo.

Je, ukinasa jike mwenye tumbo la mayai? Mrudishe majini, hata kama sufuria imekwisha kubandikwa! Nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito ziliwanasa ningu kabla hawajataga, na kufikia miaka ya 1960 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka. Wingi ule haujarudi.

Nanyi mlio na shamba nyumbani, msilime hadi ukingoni. Tope la Gucha huteremka hadi kwa ningu.