Nani Kasema Dipoziti Hairudi?

Garsen ni mji wa watu wanaopita na watu wanaohamishwa. Barabara ya kutoka Malindi ikifika huku inagawanyika, moja ikaelekea Lamu, nyingine ikapanda kwenda Hola na Garissa. Walimu, wauguzi, askari na wafanyakazi wa mashirika huletwa na barua, na barua ndiyo huwaondoa. Ndiyo maana si ajabu, hapa mjini au pale Minjila, mtu kutazama chumba leo, akatuma kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na dipoziti kwa M-Pesa, na kabla hajaleta hata godoro barua nyingine ikamwamuru aende Bura. Akipiga simu kuomba pesa zake, hujibiwa kwa maneno ambayo sote tumeyakariri: dipoziti hairudi.

Mwenye nyumba kusema hivyo namwelewa, ana faida yake. Ajabu ni mpangaji kuitikia, jirani kumuunga mkono mwenye nyumba, na mzee wa mtaa kukubali kana kwamba amesomewa sheria. Hakuna sheria ya Kenya inayosema dipoziti ya nyumba hairudi. Ni imani tu, tena imani mbaya, kwa sababu inamlipa mtu kwa hasara ambayo hakuipata.

Tuanze na pesa zenyewe. Anayechukua nyumba anaweza kudaiwa pesa za aina tatu, na hila yote imo katika kuzichanganya. Kuna pesa ya kushika nyumba asipewe mwingine. Kuna kodi. Halafu kuna dipoziti, ambayo ni amana: imewekwa ili ilipie kioo kitakachovunjwa, sinki litakaloziba, ukuta utakaochafuliwa, bili ya maji itakayoachwa. Sasa mtu ambaye hajawahi kugeuza ufunguo mlangoni amevunja kioo gani? Amana ni mali ya aliyeiweka, hata ikiwa mfukoni mwa mwingine. Kughairi kwake hakumpi mwenye mfuko haki ya kuimeza.

Nitajibiwa kwamba alikubali mwenyewe, na makubaliano ni makubaliano. Haya, tuyapime. Vyumba vingi huku hupangishwa kwa mdomo, mwezi kwa mwezi. Sheria ya Ardhi ya 2012 inautambua upangaji huo. Kifungu cha 57 kinasema kwamba pasipotajwa muda wala utaratibu wa notisi, upangaji huhesabiwa kwa kipindi cha kulipa kodi, na upande wowote unaweza kuuvunja kwa notisi isiyopungua kipindi hicho. Hebu tumpe mwenye nyumba hoja yake yote, tuseme mpangaji alifungika siku ileile alipotuma pesa. Atakachodaiwa ni kodi ya muda wa notisi. Dipoziti haimo, na anayeishikilia juu ya kodi hiyo anajilipa mara mbili kwa jambo moja.

Aliyetia sahihi mkataba wa mwaka mzima ana mzigo mzito zaidi, na angeusoma mapema. Hata hivyo, kanuni za mikataba tulizozirithi kutoka Uingereza hazikipendi kiasi kilichowekwa kwa ajili ya kumwadhibu mtu tu, kisicholingana na maslahi halali ya mdai. Na kwa jumla, anayedai fidia hutazamiwa afanye juhudi ya kupunguza hasara yake. Hawezi kukifunga chumba kwa kufuli, akakaa kivulini, kisha akahesabu miezi.

Halafu kuna mto. Tana ilifurika mwishoni mwa 2023, ikafurika tena Aprili na Mei 2024, hata barabara ya Lamu ikamezwa na maji pale Gamba. Mtu aliyekubali chumba wakati wa kiangazi, akarudi na mizigo akakuta maji yameingia ndani, naye huambiwa maneno yaleyale. Kifungu cha 65 cha sheria hiyohiyo kinamtaka mwenye nyumba atoe nyumba inayofaa kukaliwa tangu siku upangaji unapoanza, na kinataja mafuriko waziwazi miongoni mwa mambo yanayosimamisha kodi mpaka nyumba itengenezwe. Mpangaji wa namna hii hakughairi. Amenyimwa alicholipia.

Na kwa kuwa mji huu una Waislamu wengi, wenye nyumba na wapangaji, tuguse na dini. Fiqhi inaijua arbuni, pesa anayotanguliza mtu kwa sharti kwamba akighairi imekwenda. Wanazuoni wengi waliikataa, wakiwemo wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, kwa hoja kwamba mpokeaji anachukua mali bila kutoa kitu. Wa Hanbali waliiruhusu. Baraza la fiqhi la jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilipokutana Brunei mwaka 1993, liliiruhusu pia, ila kwa sharti kwamba muda wa kungoja uwe umewekwa. Hata walioregeza kamba, basi, wanadai tarehe. Nitajieni risiti ngapi za huku zenye tarehe ya mwisho ya kushika chumba.

Hoja ya mwenye nyumba iliyo na uzito ni moja: nilifukuza wateja wengine kwa ajili yako. Ni kweli. Aliyejenga vyumba sita kwa mkopo wa sacco hapaswi kuachiwa chumba kitupu na mtu aliyebadilisha nia. Alipwe. Chumba kikikaa bure siku nne, akate siku nne. Kama alimlipa ajenti, akate na hiyo. Kinachobaki akirudishe. Lakini mpangaji wa pili akiingia Jumatatu huku wa kwanza hajarudishiwa hata senti, chumba kimoja kimelipiwa mwezi mmoja na watu wawili, na hapo hakuna hasara ya kuzungumzia.

Jambo lisilosemwa ni kwamba mara nyingi pesa yenyewe haipo. Imekwisha kuwa saruji na mabati, na anayehama leo hulipwa kwa dipoziti ya anayeingia kesho. Aliyetumia amana ya watu aombe muda wa kuitafuta. Asitutungie sheria.

Wapangaji nao wana lawama. Anayeghairi kisha akazima simu wiki mbili anaikuza hasara kwa kimya chake, na atakatwa kwa haki. Ukighairi, sema siku hiyohiyo, kwa ujumbe wa maandishi, na ufunguo uurudishe mbele ya shahidi.

Mkishindwana, msiseme kesi ni gharama. Wengi wetu huanzia kwa chifu na wazee, na ibara ya 159 ya Katiba inazitambua njia za namna hiyo. Wazee wa Gasa wa Wapokomo na wenzao wa Orma huketi kwa migogoro ya malisho na mashamba, kwa hiyo kodi ya chumba haiwezi kuwashinda. Taabu ni kwamba nao wakiwa wameimeza imani hii, mpangaji ameshindwa kabla hajaketi. Asiyeridhika anaweza kwenda mahakama ya madai madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya pesa zilizopokelewa na kushikiliwa, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na mdai anaweza kujisimamia bila wakili. Ujumbe wa M-Pesa autunze kama ushahidi.

Lakini tiba ya kweli ni karatasi, na iandikwe kabla ya pesa kutumwa. Mstari wa kwanza useme kila shilingi ni ya kitu gani. Wa pili useme chumba kinashikwa mpaka tarehe gani. Wa tatu useme anayeghairi anakatwa nini. Mwenye nyumba anayekataa kuandika mistari mitatu kwa pesa ya miezi miwili amekwisha kukuonyesha atakavyokutendea siku ya kuhama.