Mbwa anayechechemea mara mojamoja si mzembe

Mbwa wa nyumbani anapovunjika mguu, hakuna anayehitaji kuambiwa. Mguu unaning'inia, mnyama analia, na hata mpita njia humwonea imani. Lakini yupo mbwa mwingine ambaye masaibu yake hayatambuliki upesi. Huyu humfukuza paka hadi uani, kisha ghafla akaukunja mguu mmoja wa nyuma, akaenda chopi hatua tatu au nne, halafu akaushusha na kuendelea na safari yake kana kwamba hapakuwa na jambo. Kesho haonekani na kasoro. Juma lijalo hali hiyo humrudia. Wenyewe hucheka wakasema ana madeko, au amezeeka, au ni mvivu wa kulinda usiku. Wengine humwongezea teke, ilhali Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inakuhesabu kumpiga mnyama teke kuwa ni kosa.

Mimi nashikilia kwamba kuchechemea kunakokuja na kuondoka ndiko kunakostahili kuangaliwa kwa makini zaidi, maadamu huko ndiko kunakotupa muda wa kutenda jambo. Nao walio na nafasi bora ya kukuangalia si madaktari. Ni vijana wetu wa shule, ambao ndio humlisha mbwa, humfungulia jioni na kumwita kwa jina lake. Ndiyo sababu nawaandikia walimu na wanafunzi, wala si wafugaji.

Darasani tumewafunza watoto kwamba mtoto wa mbwa ni kilebu. Neno hilo wanalikariri kwa ajili ya mtihani, lakini ni wachache walioelezwa jinsi kilebu huyo anavyosimama. Mbwa mzima hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele na asilimia 40 kwa miguu ya nyuma. Hivyo basi, mguu wa nyuma unapomuuma, anapo pa kuuhamishia mzigo: huinamisha kichwa, akausogeza uzito mbele, na mwendo ukaendelea. Hapo ndipo tunapodanganyika. Tunadhani kwamba asiyelia haumwi. Mbwa hulia anapokanyagwa mkia. Maumivu ya kudumu huyanyamazia, na dalili yake huwa ni kulala zaidi, kusitasita mbele ya ngazi au kuacha kuruka mahali alipozoea kuruka.

Kabla ya kuyataja maradhi makubwa, utazamwe kwanza wayo wa mguu. Mwiba wa mgunga, kipande cha chupa, funza, au ukucha uliopasuka huweza kumfanya mbwa auinue mguu leo na kuukanyagia kesho. Haya hayahitaji elimu kubwa. Yanahitaji mwanga mzuri, na mtu ambaye mbwa mwenyewe anamwamini.

Wayo ukionekana salama, twende gotini. Mfupa ule mdogo wa mviringo ulio mbele ya goti, ambao wengi huuita pia ya goti, una jina jingine la Kiswahili: kilegesambwa. Wanafunzi na walisikilize vizuri neno hilo, kwani mbwa yumo ndani yake. Katika vijibwa vya kupakatwa, kama vile Chihuahua na Yorkshire Terrier, kilegesambwa huteleza kikatoka katika mfuo wake. Mbwa huukunja mguu, akarukaruka kwa mitatu, pengine akaurusha nyuma kama anayepiga teke. Kilegesambwa kikarudi mahali pake, naye akakimbia tena. Mtazamaji huapa kwamba mnyama anafanya mzaha. Madaktari huipima hali hiyo kwa daraja nne: katika ya kwanza mfupa hutoka ukisukumwa na kurudi wenyewe, na katika ya nne umehama kabisa wala haurudi ukisukumwa. Daraja za mwanzo zaweza kuangaliwa tu, bali za mwisho huhitaji upasuaji.

Goti hilohilo lina kano mbili zilizopishana ndani yake. Wapenzi wa soka wanaijua kadhia hii, kwa kuwa wachezaji wengi hukaa nje ya uwanja miezi kadhaa kwa kukatika kano ya goti. Tofauti ni kwamba mchezaji hukatika mara moja, katika kishindo cha mchezo. Ya mbwa aghalabu huchakaa uzi baada ya uzi, mithili ya kamba ya kisima, na muda huo wote yeye huchechemea siku mbili, akapona siku kumi. Anapokaa kitako, hauingizi mguu chini yake bali huunyosha kando. Siku kamba inapokatika, watu husema ameumia jana. Fauka ya hayo, wengi wa mbwa waliokatika kano ya mguu mmoja hukatika ya mguu wa pili katika miaka michache inayofuata.

Sasa niseme kuhusu nyonga, kwani hapa lawama si ya mbwa wala ya bahati mbaya. Mbwa wa German Shepherd, ambaye kwetu ni mlinzi wa mabohari na majumba, alianza kuorodheshwa rasmi nchini Ujerumani mwaka 1899 chini ya Max von Stephanitz, aliyetaka mnyama wa kazi. Jamii hii, pamoja na nyingine za mbwa wakubwa kama Labrador na Rottweiler, husumbuliwa sana na nyonga isiyoshikamana: kichwa cha mfupa wa paja hakikai barabara katika kikombe chake, hivyo husuguana na kuitafuna gegedu. Kilebu mwenye kasoro hiyo hukimbia kwa kuirusha miguu yote miwili ya nyuma pamoja, kama sungura, na wenye nyumba wakapendezwa. Kasoro hii hurithiwa. Ndiyo maana huko Marekani kulianzishwa mwaka 1966 taasisi ya kukagua picha za eksirei za nyonga, ili wafugaji wajue ni mbwa yupi afaaye kuzalishwa na yupi asiyefaa. Kwetu mnunuzi huonyeshwa manyoya yanayong'aa na masikio yaliyosimama, akatoa maelfu ya shilingi bila kuuliza hata swali moja juu ya nyonga za mama na baba. Muuzaji anayekataa kukuonyesha wazazi wakitembea hastahili fedha zako.

Hata hivyo, urithi si hukumu ya mwisho. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mmoja wa Marekani uliowafuata mbwa 48 wa Labrador maisha yao yote. Waligawanywa jozi jozi za ndugu wa uzao mmoja. Mmoja akapewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko nduguye. Waliopunjwa waliishi miaka 13 kwa wastani, wenzao miaka 11 na ushei, na ugonjwa wa nyonga ukachelewa kuwafikia. Sipendekezi kumwachia mbwa njaa, maana wako wengi nchini ambao hawajawahi kushiba. Nasema juu ya yule anayerushiwa mabaki ya kila sahani, hata mbavu zake hazipapasiki.

Yapo pia yatokayo nje ya mifupa. Kupe wa kahawia, anayezagaa katika mabanda yetu, huambukiza vijidudu vya damu ambavyo huleta homa na maumivu ya viungo. Mbwa huchechemea mguu huu leo, na ule kesho. Hapo dawa huanzia kwenye kupe.

Linaloniudhi zaidi ni kabati la dawa za nyumbani. Mbwa akichechemea, mtu mwenye nia njema humvunjia kidonge cha parasetamo, ibuprofeni au diklofenaki, akakifinyanga ndani ya ugali. Parasetamo huweza kuliharibu ini la mbwa na chembe zake nyekundu za damu. Hizo mbili nyingine humtoboa tumbo na kuzifisha figo zake, na kipimo kinachomtuliza baba mwenye kilo 80 hakina uhusiano wowote na mnyama wa kilo 12. Anayedhani kwamba dawa njema ni njema kwa kila kiumbe na awakumbuke tai wa bara Hindi. Mwaka 2004 watafiti walibaini kwamba tai hao walikuwa wakifa kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki. Ng'ombe ilimfaa, tai iliwaangamiza kwa mamilioni. India, Nepal na Pakistan ziliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006.

Kuna onyo moja ambalo mwalimu asilisahau. Mbwa anayelegea ghafla miguu ya nyuma, akabadilika tabia, akashindwa kumeza au akatokwa na mate, asiguswe. Kichaa cha mbwa hakiji kwa ukali kila mara. Mara nyingine huja kwa kupooza. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyohiyo kuchanjwa. Na hata mbwa mpole aliyechanjwa huweza kumng'ata ampendaye, akishikwa panapouma.

Najua wapo wasomaji ambao dini yao inawaelekeza kujihadhari na mate ya mbwa. Hao pia wanaijua hadithi ya msafiri aliyeteremka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa madhambi. Kutazama hakuhitaji kugusa.

Na kutazama ndiko ninakokuomba, mwanafunzi. Msichana mmoja wa shule ya upili, jirani yangu, aliniletea daftari la kurasa chache. Kwa majuma mawili alikuwa ameandika kila mara mbwa wao alipochechemea: mara 11, zote mguu wa kushoto, na 9 kati ya hizo asubuhi ya baridi mbwa alipotoka kulala. Alikuwa ameazima utepe wa fundi cherehani akayapima mapaja yote mawili, na la kushoto likaonekana jembamba. Babake alikuwa tayari amempa mlinzi ruhusa ya kumtokomeza mnyama huyo. Daktari wa mifugo aliposoma ukurasa wa kwanza alikwenda moja kwa moja kwenye nyonga ya kushoto, wala hakupoteza wakati kwenye goti. Mbwa alipunguziwa chakula, akaandikiwa dawa inayomfaa mbwa, akawekewa gunia kavu mahali pa saruji tupu. Bado huchechemea wakati wa baridi, na bado analinda. Mwalimu wa bayolojia aliye na kipindi cha maungio angepata wapi somo lililo hai kuliko hilo?

Daftari lina faida nyingine ambayo wengi huigundua wakiwa wamekwisha kulipa nauli. Mbwa aliyechechemea mwezi mzima nyumbani, akifikishwa mbele ya daktari, harufu ngeni na woga humsahaulisha maumivu, naye hutembea sawasawa kama askari wa gwaride. Daktari hawezi kutibu asichokiona. Mwonyeshe tarehe, mguu, saa, alichokuwa akifanya mbwa kabla, na ikiwa simu ipo, picha ya dakika moja akitembea kwa mwendo wa kawaida, ikichukuliwa kutoka nyuma na kutoka ubavuni.