Laptopu ya mtumba ya mwanafunzi: mfumo wa bure una gharama gani?

MAVUNO ya kahawa yanapofika ukingoni Karagwe na Kyerwa, vyuo vikuu navyo huwa vinakaribia kufunguliwa. Fedha za msimu zinakuwa zimeshagawanywa kabla hazijaingia mfukoni: deni la pembejeo, ada ya wadogo, nauli ya kwenda Morogoro, Mwanza au Dar es Salaam, na kompyuta ya kijana anayeanza mwaka wa kwanza. Kwa kuwa mpya ni ghali, wazazi wengi huishia kwenye laptopu ya mtumba.

Kinachojadiliwa dukani huwa ni bei, ukubwa wa kioo na uzima wa chaji. Swali ambalo mara nyingi haliulizwi ni mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoiamsha mashine na kuziendesha programu nyingine zote. Kwa sasa swali hilo ndilo lenye fedha nyingi zaidi ndani yake.

Sababu ni hii. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kwa watumiaji binafsi waliokubali kujisajili, ilitangaza nyongeza ya viraka vya usalama hadi Oktoba 2026. Mfumo ulioirithi, Windows 11, hauwekwi kihalali kwenye kila mashine. Unadai ramu isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64 kwenye diski, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel Core, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Kizazi hicho kilianza kutoka mwaka 2017.

Maana yake ni kwamba ofisi nyingi za Ulaya na Marekani zimekuwa zikiondoa mashine nzima kabisa kwa sababu tu hazipokei Windows 11. Mashine za namna hiyo ndizo huingia kwenye soko la mitumba. Mnunuzi anaweza kuzitambua mwenyewe kwa kusoma jina la prosesa. Ikiandikwa i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, hivyo ni kizazi cha 6 na haimo kwenye orodha ya Windows 11. Ikiandikwa i5-8250U, ni kizazi cha 8 na imo.

Njia tatu

Mzazi ana njia tatu. Ya kwanza ni kulipa zaidi apate mashine ya kizazi cha 8 au zaidi yenye Windows halali. Ya pili ni kununua ya zamani na kuwekewa Windows isiyo na leseni, iliyofunguliwa kwa programu za wizi. Ya tatu ni kununua ya zamani na kuiwekea mfumo wa bure wa jamii ya Linux.

Njia ya pili ndiyo iliyozoeleka, na huonekana rahisi kuliko zote. Hata hivyo, rahisi ghali. Programu zinazovunja leseni ni mlango mkubwa wa virusi, na mwanafunzi anayepitisha flashi yake kwenye kompyuta za stesheneri huvibeba na kuvisambaza. Aidha, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki.

Tuchukue hesabu ya mfano tu, si bei ya soko. Fundi akitoza Sh 15,000 kusafisha na kuweka mfumo upya, na kazi hiyo ikarudiwa mara 2 kwa mwaka kwa miaka 3 ya chuo, jumla ni Sh 90,000. Mfumo wa bure ukiwekwa mara moja kwa Sh 20,000, na fundi akaitwa tena mara 2 kwa Sh 15,000, jumla ni Sh 50,000. Tofauti ya Sh 40,000 si kubwa. Hasara kubwa haimo kwenye hesabu hiyo: ni ripoti ya utafiti inayopotea wiki moja kabla ya kukabidhiwa.

Bure na huria

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Finland. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alizindua Ubuntu, mfumo wenye jina la Kibantu la utu. Programu hizi huitwa huria kwa sababu sheria yake inamruhusu mtu kuzitumia, kuzinakili na kumpa jirani bila kuvunja leseni.

Tanzania si mgeni katika jambo hili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu kwa Kiswahili. LibreOffice, iliyozaliwa mwaka 2010 kutoka katika OpenOffice, ndiyo inayokuja ndani ya mifumo mingi ya Linux leo.

Ipi kwa mashine ipi

Kwa laptopu yenye ramu ya GB 4 au zaidi, chaguo la busara kwa anayetoka Windows ni Linux Mint, hasa toleo jepesi la Xfce. Mpangilio wake unafanana na Windows ya zamani, na Mint 22 iliyotolewa mwaka 2024 imeahidiwa viraka hadi 2029, muda unaotosha shahada nzima. Kwa ramu ya GB 2, Lubuntu ni nyepesi zaidi, lakini mnunuzi asijidanganye: kurasa za intaneti za leo zitailemea mashine hiyo hata mfumo uwe mwepesi namna gani. Mashine za zamani sana za biti 32 ni za kuachwa, kwani mifumo mikubwa ya bure nayo imeacha kuzitolea matoleo mapya.

Tofauti ya bei kati ya kizazi cha 6 na cha 8 ikibaki mfukoni, mahali pazuri pa kuipeleka ni diski ya SSD na ramu. Viwili hivyo huifufua mashine kuliko mfumo wowote.

Mfumo wa bure usipofaa

Bure haimfai kila mtu. AutoCAD, inayotumika katika uhandisi na usanifu majengo, haina toleo la Linux. QuickBooks ya kuwekwa kwenye kompyuta nayo haina. Anayesomea fani hizo aulize idara yake kwanza, na huenda njia ya kwanza ikawa ndiyo nafuu kwake. Kwa ualimu, kilimo, sheria, maendeleo ya jamii na masomo mengi ya biashara, kuandika, kufanya hesabu, kutafuta kwenye intaneti na kutayarisha mada kunawezekana bila shida. Takwimu zinaweza kufanywa kwa R, ambayo nayo ni huria.

Zipo kero ndogo. Waraka wa LibreOffice ukifunguliwa kwenye Word ya stesheneri unaweza kuvurugika mpangilio. Dawa ni kuuhifadhi kama PDF kabla ya kwenda kuchapa. Faili la kuweka Mint lina takriban GB 3, hivyo kulipakua kwa kifurushi cha simu ni gharama. Lakini likishapatikana mara moja, flashi hiyo hiyo yaweza kuhudumia kijiji kizima.

Kero kubwa ni fundi. Mashine isiyo na wa kuitengeneza karibu ni mzigo, na mtu wa Murongo hawezi kupanda gari hadi Kayanga kila kitufe kinapogoma. Hapa ndipo penye nafasi kwa wafanyabiashara wa Omurushaka, Nkwenda na Kayanga. Anayejifunza mfumo mmoja wa bure vizuri anaweza kuuza mashine ikiwa tayari, akatoza ufundi wake bila kuuza leseni ya wizi, na mteja akarudi kwa sababu ameridhika.

Kabla ya kulipa

Linux ina faida moja ambayo mnunuzi wa mtumba asiiache: huwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya mashine. Mnunuzi na aombe kuijaribu hivyo kwa nusu saa: intaneti inashika, sauti inatoka, vitufe vyote vinaandika, betri inashuka kwa kasi gani chaji ikichomolewa. Muuzaji mwenye mali nzima hana sababu ya kukataa.

Mkulima wa Kagera anaifahamu butura, kuuza kahawa ingali ua mtini kwa sababu shida imebisha hodi. Anayepoteza katika butura ni yule mwenye haraka. Laptopu inayonunuliwa siku moja kabla ya safari ya chuo, bila kuuliza kizazi, ramu wala mfumo, ina hatari ile ile. Maswali hayo yaulizwe mapema, kahawa ikiwa bado inakauka kwenye turubai.