Kitanda Usichokilalia

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waashi wa nyumba kongwe za mawe za Lamu, mji uliotiwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, waliwajua vyema walalao. Boriti za mikoko hazikuruhusu chumba kuzidi takriban mita 3 kwa upana, lakini upangaji ulimfuata binadamu. Mpita njia hukomea dakani, penye baraza za kukalia. Aliyekaribishwa huvuka tekani, akafika kiwandani, uani palipo wazi juu. Misana na ndani hufuata, na kila hatua huzidisha stara ya wenyeji.

Swali la Lamu lilikuwa: nani atakaa hapa? Kumbi nyingi za mihadhara huuliza: wangapi wataenea? Viti hukazwa sakafuni, vyote vikimwelekea mhadhiri. Tutahakikije shairi ilhali mwenzetu tunamwona kisogo tu? Mjadala hutaka watu watazamane.

Wapenzi wa Kiswahili, tudai tuulizwe kabla ya viti kukazwa. Sisi ndio tunaovikalia.