"Shukuru Una Kazi" Hailipi Rent

Kuna sentensi ambayo kila kijana wa Eastlands ameisikia, awe wa Umoja, Kayole ama Pipeline: "Shukuru una kazi." Supavaisa anakuambia. Watu wa HR wanakuambia. Ukifika nyumbani mathe naye anakuambia, kwa sababu anajua ni wangapi kwa ploti wanakaa na digrii zao ndani ya bahasha ya kaki. Mathe namwelewa, anaogopa. Lakini sentensi hiyo ikitoka kwa bosi inamaanisha kitu kingine: nyamaza, kuna mia moja nje ya geti wanaotaka hicho kiti.

Tukiongea kuhusu dharau ofisini tunaongea kama ni mambo ya tabia tu. Meneja ana kiburi, supavaisa alilelewa vibaya, mwombee, mwepuke. Mimi nasema dharau kwa kampuni kubwa ina kazi yake, na kazi yenyewe ni kuokoa pesa. Mtu aliyedharauliwa vya kutosha haulizi mbona masaa ya ziada hayajalipwa. Haombi nyongeza. Hajiungi na chama. Ukitaka wafanyakazi wa bei rahisi, anza kwa kuwafanya wajione rahisi.

Mfano uko hapa hapa, kando ya Mombasa Road. Sama, kampuni ya Kimarekani iliyojitangaza kwamba inatoa vijana kwa umaskini kupitia kazi za kidijitali, ilipewa na Facebook kazi ya kusimamia maudhui. Yaani watu wanakaa mbele ya skrini kutazama watu wakichinjwa, watoto wakidhulumiwa, wengine wakijiua, ili wewe ukifungua simu kwa mathree upate memes tu. Februari 2022 jarida la TIME liliandika kwamba baadhi yao walikuwa wanabeba nyumbani kama dola 1.50 kwa saa, na walitarajiwa kukata shauri juu ya video kwa wastani wa sekunde 50. Sekunde hamsini! Hata chapati haijageuzwa.

Daniel Motaung, kijana aliyeletwa kutoka Afrika Kusini kufanya hiyo kazi, alijaribu mwaka wa 2019 kuwaleta wenzake pamoja wadai mshahara na hali bora. Akafutwa. Mei 2022 akaenda kortini hapa Nairobi kuwashtaki Sama na Meta, wenye Facebook. Machi 2023 wasimamizi wengine 184 wakashtaki kuhusu kufutwa kwao. Sama imekana makosa, ikisema ililipa vizuri kuliko kima cha chini na ilikuwa na washauri wa kuongea na wafanyakazi. Sawa. Hayo ni ya mahakama kuamua.

Mimi nataka uangalie jibu la Meta. Kwa kifupi: hawa si wafanyakazi wetu, na korti ya Kenya haina uwezo juu yetu. Sheria za video gani ibaki na gani itolewe ni zao, programu ni yao, faida ni yao, lakini mtu aliyeketi kwa kiti hawamjui. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa hoja hiyo na kusema Meta inaweza kushtakiwa hapa. Desemba mwaka huo, ripoti za daktari wa akili kutoka Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta zikawekwa mbele ya korti: wafanyakazi zaidi ya 140 wa kundi hilo wana kiwewe, wengi wao kikali.

Na serikali yetu ilisema nini? Mwezi huo huo wa Desemba, Rais Ruto aliambia mkutano kwamba sheria imebadilishwa ili kampuni za aina hiyo zisipelekwe kortini tena. Fikiria hapo. Vijana wamegonjeka kazini, na kiongozi wao anamhurumia aliyeshtakiwa.

Najua jibu linalokuja: "Mkipiga kelele wawekezaji watahamia Ghana ama Ufilipino." Labda. Lakini kazi inayobaki Kenya kwa sharti kwamba usiongee ukiumia, inakusaidia aje? Ukitoka hapo na akili imevurugika, dawa unanunua wewe, na familia yako ndiyo inakubeba. Mwekezaji amekuachia bili.

Tena usiambiwe eti kudai haki ni mambo ya watu wa Twitter. Eastlands ilijengwa iwe mahali pa kulaza vibarua wa reli na wa mji wa mkoloni. Walipewa vyumba vidogo na amri nyingi. Bado Aprili 23, 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh wa chama cha wafanyakazi alisimama akadai uhuru kamili. Mei 15 yeye na Fred Kubai wakashikwa, na kesho yake Nairobi ikagoma. Singh alikaa kizuizini hadi 1961. Hao nao waliambiwa washukuru wana kazi.

Mimi si wakili. Nilitoka chuo karo ilipoisha, na naandika kwa malipo ya kazi kwa kazi. Lakini Katiba haikuandikiwa wenye digrii peke yao. Kifungu cha 28 kinasema una heshima yako kama binadamu. Cha 41 kinakupa haki ya kutendewa haki kazini, kujiunga na chama na kugoma. Mei 1, 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 waliochuja maudhui ya Facebook, TikTok na ChatGPT walikutana hapa Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Hawakungoja bosi apate tabia njema.

Basi anza na kidogo. Soma kandarasi kabla ya kutia sahihi. Weka payslip zote, weka barua pepe, andika tarehe uliyotukanwa na nani alikuwepo. Ambianeni mishahara, siri hiyo inamsaidia mwenye kulipa pekee. Na msee wako akikuambia ameonewa kazini, usimwambie ashukuru. Muulize wangapi wengine wameonewa, halafu mtafuteni wa pili.