Baba Kuhama si Kumtaliki Mtoto

Nawaandikia kutoka Nkwenda, wilaya ya Kyerwa huku Kagera. Mimi ni fundi cherehani, ila leo siongelei mishono.

Nimechoka kusikia, "Ameshahamia Unguja, utampatia wapi?" Utampata kwenye simu! Mahari ya mke mpya aliituma kwa simu. Ya mtoto ndiyo lazima aje mwenyewe?

Tuliachana Kayanga, mahakama ikapanga matunzo ya shilingi 30,000 kwa mwezi. Binti yetu alikuwa na miaka mitatu. Mimi nikahamia huku kufungua duka, yeye akapata kazi ya hoteli Unguja. Hela ilikuja miezi minne, ikakoma. Nilipouliza akanijibu, "Wewe ndiye uliyehama." Sheria ya Ndoa ya 1971 haisemi hivyo. Baba ana wajibu kwa mtoto wake popote alipo, na mahakama inaweza kubadilisha amri yake hali ikibadilika. Na ilikuwa imebadilika: yeye ana mshahara, mtoto yuko darasa la nne, anataka madaftari, viatu, sare. (Hata fundi ananunua kitambaa, jamani.)

Nikarudi mahakamani na nakala ya hukumu, risiti na meseji zake. Nilifunga duka mara tano. Shangazi akasema nina tamaa, mwanamke wa Kiislamu husubiri. Nisubiri nini? Surat At-Talaq, aya ya 7, imepima matumizi kwa uwezo wa baba, haikupima kwa umbali wake. Sasa ni 70,000.

Akipoteza kazi, naye aende aombe ipunguzwe. Ni haki yake. Asijipunguzie mwenyewe kwa kuzima simu.

Wanaoniudhi zaidi ni wenzangu wanaoondoka na karatasi ya talaka ya sheikh peke yake. Huku bara karatasi hiyo haina nguvu ya amri ya mahakama, kwa hiyo akihama huna cha kuomba kibadilishwe, unaanza upya. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii au mahakamani kabla hajafunga begi. Ninyi wa Unguja na Pemba mna Mahakama ya Kadhi inayotambuliwa kisheria, mnaona haya ya nini? Na nyie maharusi, kuyajua haya si kujitakia mkosi.

Jumatatu nafunga duka tena. Namsindikiza mteja wangu Kayanga. Wake yuko Mwanza.